Dawa Yangu ni Hewa, Wakanipandisha Mlimani

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nyumbani kila niliyemweleza alicheka kabla sijafika katikati, na wewe hata ukicheka angalau sitakuona. Mimi ni mwokaji wa mikate, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na sina tabia ya kudeka, nilijifungua mtoto wa kwanza bila kupiga kelele mpaka mkunga akawaita wenzake njooni mmwone huyu, huyu ni chuma. Sasa chuma hicho ndicho leo kinaitwa Mwigizaji na ukoo mzima wa mume wangu, na jina hilo nimepewa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mwenye bekari ninamofanya kazi na ndiye mwenye gari la mikate analoendesha mume wangu, kwa hiyo akisema neno lake pale nyumbani linakaa, halina wa kulijibu.

Niseme ugonjwa wenyewe. Kichwa changu hakiumi kama vichwa vya watu wengine, kinauma upande wa kulia peke yake, nyuma ya jicho, na kikianza ni kama mtu ameingiza bisibisi ya moto humo ndani anaizungusha taratibu huku anaongea na simu, hana haraka. Jicho la kulia linakuwa jekundu, machozi yanamwagika, kope inaanguka, pua ya upande huohuo inachuruzika, na upande wa kushoto uko salama salimini, unatazama tu kama jirani asiyetaka ugomvi. Wengine wakiumwa kichwa wanajifungia gizani wanatulia, mimi siwezi kulala wala kukaa, natembea, nazunguka, najiyumbisha, nagonga kichwa kwenye magunia ya unga, na baada ya muda kinaondoka chenyewe, kwisha, nabaki nimelowa jasho. Kesho yake kinarudi saa ileile. Saa nane mchana, mshauri, mikate ya mkupuo wa pili ikiwa tanurini. Kinafanya hivyo wiki kadhaa, pengine miezi miwili, halafu kinapotea kabisa, nakaa muda mrefu najiona mzima kama watu, mpaka msimu wake urudi.

Hapo kwenye saa ndipo nilipoangamia. Wifi alisimama mbele ya wafanyakazi wote akauliza, "Ugonjwa gani huo unaojua kusoma saa?" Watu wakacheka, na kusema ukweli hata mimi ningecheka kama mgonjwa angekuwa mwingine. Machozi ya jicho moja nayo yakapata maneno yake, eti hata kulia nalia nusu, nusu nyingine nimemwekea mume wangu nikitaka nguo mpya.

Huku mji wa chini kuna hospitali kubwa, na msimu mmoja nilipozidiwa nilikwenda nikamkuta daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja wa makamo, akanisikiliza bila kutazama simu yake, akaniambia hiki si kipandauso cha kawaida, hiki kinaitwa klasta, kinakuja kwa misimu na kina saa zake, na wala huna wazimu. Siku hiyo nililia kwa macho yote mawili. Akanipima, akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku msimu ukianza ili kukizuia, na kikija kwa nguvu niwahi palepale hospitali niwekwe oksijeni, wananivalisha barakoa, wanafungua mtungi kwa kasi, nakaa nimeinama mbele navuta, na mshauri, mara nyingi robo saa haiishi naona bisibisi inachomolewa. Bekari ya chini iko ng'ambo ya barabara tu kutoka hospitali, kwa hiyo nilikuwa navuka, navuta, narudi kazini. Niliishi hivyo na sikumsumbua mtu.

Sasa sikia nilivyojichimbia shimo. Mama mkwe wangu, ambaye hana ubaya na mtu, aliniuliza kule hospitali wananipa dawa gani, na mimi kwa kurahisisha maneno nikamwambia, wananipa hewa mama. Basi. Wifi wakati huo ndiyo anafungua bekari ya pili kule mji wa juu, mlimani, ambako basi linapanda kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba, na pakiti za krispi madukani zimevimba kama mito ya kulalia, na alikuwa hana mtu wa kumwamini kwenye tanuri. Kikaitishwa kikao, wifi akasema kama dawa ya huyu ni hewa, kule juu hewa iko tele, safi, ya baridi, tena bure, watu wanatoka mbali kuifuata. Wote wakaona ni akili kubwa. Mama mkwe akanifumia sweta. Mimi nikabeba begi langu, watoto wakabaki kwa bibi yao, mume akanipandisha kwa gari la mikate.

Mshauri, kule juu nilikiona cha mtema kuni. Sijakaa hata wiki kichwa kikaanza, na safari hii haikuwa saa nane peke yake, ni asubuhi, ni mchana, ni jioni, nikipanda ngazi za stoo na gunia bisibisi hiyo. Nikakimbilia zahanati, muuguzi akanitazama juu mpaka chini akasema mtungi ni mmoja, ni wa wanaoletwa wamebebwa, wewe umekuja kwa miguu yako. Siku moja nilizidiwa mpaka nikaingia kwa fundi wa kuchomelea vyuma, jirani na bekari, nikashika mtungi wake wa oksijeni nikamwomba anifungulie nivute kidogo, yule baba akaogopa, akaniambia, mama, hii ni ya vyuma, akaninyang'anya mpira na kuniletea kiti. Kwa nia njema akaenda kumwambia wifi kwamba mfanyakazi wako anaumwa, msaidieni, na wifi akampigia mume wangu kwamba mkeo nimeambiwa anashinda kwa fundi. Mume wangu akaniuliza kwenye simu, huyo fundi ni nani kwako.

Na usidhani nilikuwa sifanyi kazi. Tulipoanza kule mikate ilitutia aibu, unga unaumuka mbio kabla hujageuka, ukiingia tanurini unabonyea katikati, ukikata mkate ndani ni mapango matupu, tulitupa mikate mpaka mbwa wakatuzoea. Wifi mwenyewe akapanda, akashika donge, akalibonyeza, akasema huku hewa ni nyepesi, hamira ipunguzwe, maji yaongezwe, unga usiachwe muda mrefu, na kweli ikakaa sawa, leo mikate ya juu inagombewa kuliko ya chini. Nakwambia hivi ujue kwamba tanuri lile nimelisimamisha kwa mikono hii.

Lililonifanya niandike ni video. Kichwa kilinikamata trei ziko ndani, nikampigia kelele mkandaji azitoe, yeye yuko kwenye mashine hasikii, mikate ikawa makaa. Wifi akaingia kwa moshi akanikuta katikati ya magunia, naenda mbele narudi nyuma, jicho limefumba, kamasi zinanitoka, na badala ya kuniletea maji akatoa simu akanirekodi. Akaituma kwenye kundi la familia akaandika, mikate inaungua, Mwigizaji yuko jukwaani. Nilipotulia nikafungua simu, shemeji, wakwe, binamu, wote wanacheka, na katikati yao mume wangu naye ameweka kile kikatuni cha kicheko kinachotoa machozi, kinalia macho yote mawili.

Huyo ndiye aliyeniuma kuliko bisibisi. Wifi hajui, mama mkwe hajui, lakini yeye anajua. Yeye ndiye alikuwa ananishikia taulo, yeye ndiye siku kilipotukuta njiani tukisambaza mikate alinikimbiza hospitali kwa gari hilohilo, nimekaa kati ya trei za moto namlilia aongeze mwendo na yeye analia kuliko mimi. Nilipomuuliza kile kikatuni cha nini akajibu kwamba wote walikuwa wanaweka, angeonekanaje.

Sasa nimeshuka, nimekuja kuwaona watoto, na huku chini kichwa kimepungua, kinakuja mara moja, siku nyingine hakiji. Nilidhani watanionea huruma, kumbe nimewapa ushahidi. Wifi anasema mnaona, akishuka anapona, ugonjwa wake unajua saa na unajua njia. Jumapili kuna kikao. Wameshaamua nirudi juu moja kwa moja, watoto watahamishiwa shule ya huko, na wifi ametamka kwamba atakayeshindwa na mlima ameshindwa na bekari pia, na gari la mikate lina madereva wengi. Mume wangu ananiambia vumilia tu mke wangu, ukizoea utapona, usinivunjie kazi.

Vidonge vya kila siku niliacha, kwa sababu wifi alisema mtu anayemeza dawa siku ambayo hajaumwa anatafuta ugonjwa wa figo, na kwa daktari sijarudi, naona haya, nimekuwa nanunua vidonge vya maumivu dukani nameza kwa mkupuo. Kwenye kundi la familia nimeomba radhi kwa mikate iliyoungua. Mshauri, niende nikavumilie au nikatae nibomoe nyumba yangu? Na niambie ukweli, mlima unaweza kweli kumfanyia mtu hivi, au nimeitwa Mwigizaji mpaka nimeanza kuigiza bila kujijua?

Ni mimi, mwokaji wa jicho moja.

* * *

Mwokaji,

Sikucheka. Nilipofika kwenye ile video niliinuka nikaizunguka meza yangu, nikaikuta chai imepoa, nikarudi kuisoma tena barua ili nihakikishe kwamba kweli kuna mtu mzima, mwenye bekari mbili, aliyemkuta mke wa ndugu yake anagonga kichwa kwenye gunia akaona cha kufanya ni kutafuta pembe nzuri ya kamera. Nimekaa kwenye safu hii miaka mingi, nimesoma ya wezi wa waume na ya wanaouza shamba la mama, lakini hili limenichoma.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi. Huigizi. Mimi si daktari, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimpigia daktari wa mishipa ya fahamu, nikamsomea maelezo yako bila kumtajia mtu. Aliniambia kwamba maumivu ya klasta ni kati ya makali kabisa anayoyajua mwanadamu, kwamba yanapenda kurudi saa ileile kwa sababu yanahusiana na sehemu ya ubongo inayotunza saa ya mwili, na kwamba jicho moja linalolia, kope inayoanguka na mtu asiyeweza kutulia ndizo alama wanazozitumia madaktari kuutambua. Umesikia? Kila kitu walichokuchekea ndicho kinachothibitisha. Wifi yako ameuliza ugonjwa gani unaojua kusoma saa, basi jibu lake ni huu, na ulikuwa unaijua saa kabla yeye hajanunua tanuri. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na waliosimama nje ya kaburi wangekaa kimya.

Kuhusu mlima nitakwambia kama nilivyoambiwa, bila kutia chumvi. Kadiri unavyopanda ndivyo kila pumzi inavyobeba oksijeni kidogo. Wapo wagonjwa wa klasta ambao wakifika juu sana, au wakipanda ndege, kichwa kinaamka au kinazidi, na wapo ambao hawaoni tofauti yoyote, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Inawezekana mlima ndio uliokuzidishia, na inawezekana msimu wako ulikuwa unakuja tu ukakukuta huko. Daktari wako ndiye wa kulipima hilo, akijua lini ulipanda, lini ulishuka na kichwa kilifanya nini. Lakini mwanangu, hata wataalamu wakibishana mpaka kiama, hili halina ubishi: mtu ambaye nafuu yake iko kwenye mtungi wa oksijeni hapelekwi kuishi mahali ambapo mtungi ni mmoja na muuguzi anauficha. Kwa hilo peke yake, jibu ni hapana.

Na hiyo "hewa" yako. Ulirahisisha maneno kwa mama mkwe, na neno moja la uvivu likakupandisha mlima. Anayepewa oksijeni hospitalini hapewi upepo. Anapewa dawa, tena kwa kipimo na kwa kasi maalumu, na kukupeleka mlimani kuitafuta ni sawa na kumpeleka mwenye kiu jangwani eti kuna nafasi kubwa. Mama mkwe simlaumu, alisikia hewa akafuma sweta, huyo anakupenda kwa alivyoelewa. Mkalishe umweleze upya, polepole, kwa jina la dawa. Utampata upande wako kabla ya Jumapili.

Sasa ni zamu yako kusemwa, na usinitolee machozi, hata ya jicho moja. Ulikwenda kuvuta oksijeni ya fundi wa kuchomelea? Kwenye karakana yenye cheche? Oksijeni inaupa moto nguvu, mama, ungeshika moto wewe, fundi na ukuta wa bekari, na watoto wako wangebaki na video tu. Mtungi ule si wa matibabu na haukupimwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Yule baba alikuwa na akili kuliko kikao kizima cha familia yenu, ukimwona mshukuru, na mumeo akikuuliza tena ni nani kwako, mwambie ndiye mtu pekee kule juu aliyekupa kiti. Usirudie kamwe, hata bisibisi iwe na meno.

Vidonge ulivyoacha, uliviacha kwa ushauri wa nani? Wa mtu anayekanda unga. Siku nyingine figo ikikuuma nenda kwa fundi saa. Ila usivirudie mwenyewe kwa kubahatisha, dawa za namna hiyo daktari hupima kwanza mwili na moyo wako ndipo aseme kiasi. Na hivyo vya dukani unavyobugia havikusaidii, mpaka viyeyuke tumboni kichwa kimeshajiondokea chenyewe, wewe unadhani ni kidonge, kesho unaongeza. Kwa namna hiyo ndiyo kweli utautafuta huo ugonjwa wa figo. Unaona haya kurudi kwa yule mama daktari, haya ya nini, umemkosea nini? Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda wiki hii, kabla ya kikao. Na kichwa kikibadilika kabisa na ulivyokizoea, kikija na homa, shingo ikikakamaa, mkono ukifa ganzi au ulimi ukigoma, usikisubiri kimalize saa yake, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda, nenda na ile video. Usiifute. Najua ukiitazama unataka ardhi ipasuke, lakini madaktari wengi hawapati bahati ya kuuona ugonjwa huu ukiwa umemshika mtu, unakuja kwa saa zake na unaondoka kabla hawajafika. Wifi yako kwa roho mbaya amempigia daktari picha ambayo daktari mwenyewe asingeipata. Iweke mezani kwake, atazame jicho, atazame kope, atazame unavyozunguka. Mwombe akuandikie mambo mawili: ugonjwa wako unaitwaje, na unatakiwa ukae mahali pa namna gani. Mwulize pia kama unaweza kupangiwa mtungi wa matibabu wa kuweka karibu, na utafundishwaje kuutumia mbali na moto, kwa sababu wewe kazi yako ni tanuri. Na pale bekari, saa yako ikikaribia mwenzako ashike trei. Hakuna aibu hapo, aibu ni kuungua.

Lakini usiende peke yako. Nenda na dereva wa gari la mikate.

Na wewe dereva, najua magazeti husomwa mkisubiri mikate ipoe, kwa hiyo sogea hapa. Wewe hukucheka kwa kutojua, wewe ulishika taulo. Ulijua, na bado ulibonyeza kile kikatuni kwa sababu dada mkubwa alikuwa anatazama. Unaogopa kupoteza usukani, na sikudharau kwa hilo, watoto wanakula. Lakini usukani utaupata kwingine, mtu anayejua kuendesha hakosi gari. Mke aliyekulilia kati ya trei ukaongeza mwendo, huyo ukimrudisha juu kwa mikono yako kisha ukae chini unasubiri azoee, usije ukaniandikia mimi. Nenda naye kwa daktari, usikie kwa masikio yako, na Jumapili uongee wewe kwanza. Ukinyamaza wewe, maneno yake yote yatakuwa maneno ya Mwigizaji.

Unaniuliza, mwokaji, ukikataa utabomoa nyumba yako. Nyumba haibomoki kwa mke kusema naumwa. Ikibomoka kwa hilo, ilikuwa imeegemea tanuri la wifi tangu zamani, na mwokaji wa mikono kama yako haendi kulala njaa, bekari si moja duniani. Radhi uliyoiomba kwenye kundi la familia kwa mikate iliyoungua inatosha, usiombe nyingine. Hukuiunguza wewe. Aliyesimama karibu na tanuri akiwa na mikono miwili mizima na macho mawili yanayoona ni mpiga video.

Jumapili vaa vizuri, kaa karibu na mama mkwe, weka karatasi ya daktari kwenye meza na usiisome, mumeo ataisoma. Watasema mengi, penye wengi pana mengi, waache wamalize. Wifi atarudia maneno yake ya saa na njia, na ataongeza kwamba hewa ya mlimani haiwezi kumbadilisha mtu, eti yote ni kichwani mwako, kana kwamba hujasema miaka yote kwamba ni kichwani.

Mwanangu, ulinieleza habari ya unga kama kitu cha kupita, ili nijue kuwa wewe ni mchapakazi. Nimeisoma mara tatu. Unga ulipofika mlimani ukakataa kukaa sawa, hakuna aliyeucheka, hakuna aliyeuita mwigizaji, hakuna aliyeuambia vumilia utazoea. Mwenye bekari alipanda mwenyewe, akaubonyeza kwa kidole, akakiri kwa kinywa chake kwamba hewa ya kule ni nyepesi, akabadilisha kipimo.

Kwa hiyo akimaliza kusema, usilie na usipandishe sauti. Mwulize tu, "Wifi, kule juu hamira uliipunguza kwa nini?" Halafu nyamaza, wote wamsikie akijibu.